Msafara wa Mkunga wa Gongoni

Kengele ya baiskeli yake ilisikika kabla yeye mwenyewe hajaonekana, na kabla ya kengele ilisikika sauti yake. "Pisheni! Kuna mtu anazaliwa!" Mara nyingi hakukuwa na mtu anayezaliwa. Alikuwa anakwenda sokoni kununua bamia. Lakini Gongoni nzima, na sehemu kubwa ya Tabora mjini, ilikuwa imeingia duniani kupitia mikono yake, na mtu wa namna hiyo akikuambia pisha, unapisha kwanza, maswali baadaye.

Tulimwita Mkunga, basi. Jina lake nalijua na sitalitaja, maana hata yeye alilisahau. Siku moja karani wa hospitali alimwita kwa jina kamili, mara ya kwanza, mara ya pili, naye amekaa zake kwenye benchi anatafuna tambuu. Mwishowe akamgeukia jirani yake. "Mwanamke gani huyo asiyeitika? Hana adabu!"

Alikuwa mfupi, mnene, mwenye mikono midogo ambayo watu waliisifu na yeye akaisifu zaidi. Miwani yake aliifunga kwa uzi akaitundika shingoni ili isipotee, na kila asubuhi aliitafuta. Nimemkuta kwa macho yangu anageuza mito, anainua mikeka, anawatuhumu kuku, na miwani inaning'inia pale pale kifuani. Ukimwonyesha, hakushukuru. Alisema, "Nilikuwa nakungoja uione."

Alipenda heshima, na hakuona haya kuipenda. Kwenye shughuli yoyote, iwe arusi, iwe maulidi, iwe mkutano wa chama, kiti cha mbele kilikuwa chake na sahani ya kwanza ya pilau ilikuwa yake. Akikuta kiti kimekaliwa, hakugomba. Alisimama mbele ya mwenye kukikalia akamtazama kwa upole, kisha akauliza kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, "Si wewe ndiye uliyetanguliza matako?" Nimewaona watu wazima wenye suti na kalamu mfukoni wakiinuka mbio. Hakuna cheo kinachoweza kumjibu mtu aliyekupiga kofi la kwanza.

Siku ya uhuru alizunguka mji mzima, bendera ndogo ameifunga kwenye usukani wa baiskeli, kanga mpya, uso umenuna. Baba yangu, aliyekuwa fundi viatu na mwenye duka dogo mbele ya nyumba yetu, akamsimamisha.

"Mkunga, vipi? Leo hufurahi?"

"Nifurahi nini? Nchi nzima imezaliwa na hakuna aliyeniita!"

Mchana wa siku hiyo hiyo aliitwa kuzalisha, hasira zikaisha. Wazazi wakataka kumpa mtoto jina la Uhuru. Akakataa katakata. "Mpeni jina la kuitika peke yake. Mkiita 'Uhuru!' hapa mlangoni, mji mzima utajibu 'na Kazi!' na mtoto asije."

Jamani, alikuwa na vituko. Aliweza kukaa na mwanamke mwenye uchungu siku nzima bila kupandisha sauti, lakini akiona chura uani alipanda juu ya kinu na kuita majirani. Alihubiri subira kwa kila mama mja mzito, "mtoto ana saa yake, usimharakishe," na yeye mwenyewe hakuweza kungoja chai ipoe. Aliungua ulimi kila asubuhi, akailaumu chai. Kwenye bao alikuwa mwizi wa kete wa waziwazi, ukimkamata anasema vidole vyake vimezoea kutoa vitu. Na kauli yake kubwa ilikuwa, "Mimi si msengenyaji," ambayo aliitamka huku anavuta kigoda karibu na wewe ili asikie vizuri.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakulifanyia mzaha, na ndilo lililonifanya nimkumbuke maisha yangu yote. Alikuwa na maneno aliyoyaita msafara.

Nieleze kidogo kwa ambao hawakukulia kwetu. Kwa sisi Waislamu, mtoto akinyonyeshwa na mwanamke asiyemzaa, katika mambo ya ndoa anakuwa mtoto wa mwanamke huyo. Hawezi kuoana na watoto wake, ni ndugu zake wa kunyonya. Na siku zile wanawake walisaidiana. Huyu ana homa, yule maziwa hayajashuka, mwingine amefariki akaacha kichanga, mwenye uwezo anampokea. Mambo yanasahaulika, vichanga wanaota ndevu, wanatazamana sokoni, wanapendana. Nani wa kuwaambia kwamba ni ndugu? Alikuwa yeye. Nani alimnyonyesha nani, mji mzima, pamoja na Kwihara na vijiji vya jirani, alikuwa nayo kichwani. Na si hivi hivi tu, kama mtu anayekumbuka huyu na yule. Alikuwa anayasema yote kwa mkupuo, kutoka mwanzo hadi mwisho, mstari mmoja.

Aliyasema wanawake wakikusanyika kuchambua mchele kabla ya arusi. Nilikuwa nasoma sekondari, ninarudi nyumbani wakati wa likizo na ujuaji wangu wote, nikamwuliza kwa nini anauita msafara.

"Babu zenu walipokwenda pwani na pembe na nta, walikwendaje? Wote kwa pamoja, kama mbuzi wa mnadani?"

"Hapana. Kwa mstari."

"Kwa nini?"

"Njia ilikuwa nyembamba."

"Haya. Njia ya porini inapitisha mtu mmoja mmoja. Mji ukitaka kupita hapo lazima ujipange mstari, huyu nyuma ya huyu, kila mtu na mzigo wake. Mkifika mnatua, mnaujenga mji ule ule, jirani yako ni yule yule. Mkivuruga mstari njiani, mtajenga mji mwingine kabisa, mtaishi na watu msiowajua." Akajigusa midomo iliyoiva kwa tambuu. "Huu mdomo nao ni njia nyembamba. Siwezi kutaja watu wawili kwa pamoja. Wewe unaweza?"

Nikajaribu, wanawake wakacheka mpaka mchele ukamwagika.

Msafara ulikuwa na sheria zake. Akiingia nyumba ya mwanamke alisema, "Twika," kama unavyomsaidia mtu kuweka mzigo kichwani. Akimaliza watoto wote walionyonya hapo alisema, "Tua." Ukisikia tua, ujue nyumba hiyo imekwisha, hakuna aliyebaki ndani. Mwenye kunyonyesha alitajwa kwanza, mwenye kunyonya akafuata, siku zote, hakugeuza hata kwa bahati mbaya. Kila mtu alipewa alama yake, maana majina kwetu ni yale yale: wa mlango wa buluu, wa kisimani, mwenye kovu. Na mtu akitokea mara ya pili, hakumsimulia upya. Alisema, "Tumempita," akaendelea. Bila neno hilo, alisema, mtu angezunguka baina ya nyumba mbili mpaka afe.

Kipande chake kimoja kilikuwa hivi: "Twika. Zuhura wa mlango wa buluu, alimnyonyesha mwanawe Tausi, alimnyonyesha Kasimu mwenye kovu. Mama yake Kasimu, twika, alimnyonyesha Kasimu, tumempita, alimnyonyesha Mwanahawa wa kisimani. Tua. Tua." Na kuendelea, sauti moja, bila haraka, mikono inapepeta. Yule mwanamke wa vituko hayupo. Na siri za ndani za watu, ambazo alizijua kuliko mtu yeyote, hazikuwemo hata kidogo. Mwanamke mmoja alimchokoza siku moja amtaje baba wa mtoto fulani. Akamjibu bila kunyanyua macho, "Huo si mzigo wa msafara huu."

Alianzia mahali pale pale kila mara. "Twika. Bibi wa Kwihara, aliwanyonyesha wawili." Bibi huyo alikuwa mama mzazi wa baba yangu, aliyefariki baba akiwa mtoto mdogo sana, kwa hiyo mimi nilivimba kichwa kusikia msafara wa mji mzima unaanzia kwetu. "Aliwanyonyesha wawili," anasema, kisha anamtaja baba yangu, anatafuna tambuu, anatema pembeni, anasonga mbele. Wa pili hakumtaja. Nilidhani ni kichanga kilichofariki. Niliwahi kumwuliza kwa nini anaanzia Kwihara na si kwingine, akanipa jibu la kihuni kama kawaida yake. "Kila msafara una kirangozi wa kuuongoza. Kirangozi anatangulia, hajihesabu. Chambua mchele."

Sasa nifike kwenye arusi yangu, maana karibu isiwepo.

Nilimpenda Idi. Niseme tu, nimekuwa mtu mzima, sioni haya: nilimpenda mpaka nikawa ninapika mlenda unaungua, na mlenda hauungui kirahisi. Alikuwa bwana shamba, mwenye kofia pana na kicheko cha taratibu. Tulipokuwa wadogo kwao walikuwa majirani zetu, ukuta kwa ukuta, halafu baba yake akahamia upande wa Urambo kulima tumbaku. Vijiji vya ujamaa vilipoanza wakaingia kijijini na wenzao. Wakati huo mama yangu alishafariki, na mama yake Idi pia alishafariki.

Kijiji chao kilikusanya watu kutoka kila upande, wengine kutoka Nzega, wengine kutoka mjini, watoto wao wanacheza kiwanja kimoja. Wanawake wa Kiislamu wakaingiwa na wasiwasi wa ndugu wa kunyonya. Wakamwita Mkunga. Akapanda treni na baiskeli yake, wakamkalisha mbele kabisa kwenye banda la kisomo cha watu wazima, akautoa msafara mwanzo hadi mwisho. Mwalimu wa kisomo alikuwa kijana mchangamfu, mwenye chaki na nia njema. Akaona twika na tua nyingi, tumempita nyingi, akasema hayo ni marudio, tuyafupishe watu washike. Mkunga aliporudi Tabora, mwalimu akaandika ubaoni nyumba na nyumba tu: nyumba hii na nyumba ile zimeungana kwa ziwa. Ilikuwa fupi, ilikuwa safi, darasa likaigeuza ngonjera, wakaiimba mbele ya wageni wa wilaya. Watu wakapiga makofi. Nani alimnyonyesha nani, hakuna tena aliyeweza kusema, lakini vina vilipatana.

Basi wazee wa kina Idi wakaja kwetu kuleta posa. Chai imeandaliwa, maandazi, karanga, mimi nyuma ya pazia na dada yangu. Mazungumzo yanakwenda vizuri. Mara baba yake mkubwa Idi akakohoa.

"Kuna jambo linanikera, na ni heri nilitoe sasa. Kule kijijini tunaimba kwamba nyumba yetu na nyumba hii zimeungana kwa ziwa. Hawa watoto si ndugu?"

Baba akamtazama baba yake Idi, baba yake Idi akamtazama baba. Wote wawili walikumbuka kwamba kunyonyesha kulikuwepo, ndiyo, zamani zile, mke wa mmoja alimsaidia mke wa mwenzake. Nani alimsaidia nani? Mtoto yupi? Hawajui. Wanaume hawa waliweza kukutajia mvua za kila mwaka na bei ya ngozi, lakini hilo hawakulijua! Kama mama yake Idi alininyonyesha mimi, basi Idi ni kaka yangu, na mambo yamekwisha pale pale, hata kwa machozi hayarekebishiki.

Shehe wa mtaa wetu alikuwepo. Mtu mpole. Akasema, "Siwezi kufungisha ndoa yenye shaka. Iondoeni shaka, nami nitakuja siku hiyo hiyo."

Akaenda kuitwa Mkunga. Tulisikia kengele kutoka mbali. Akaingia anapumua kwa nguvu, kanga imekaa upande, akaelezwa habari ya ngonjera, na mimi nilimchungulia pembeni ya pazia: sijawahi kumwona amekasirika vile.

"Nani ameukata msafara wangu?"

"Mama, tulia," akasema shehe. "Kwanza nikuulize. Wewe una upande katika jambo hili?"

"Upande wangu ni wa wanaonyonya."

Watu wakacheka kidogo, shehe naye akatabasamu, akaliacha. Mkunga akakaa chini, akafunga kanga vizuri. "Twika. Bibi wa Kwihara, aliwanyonyesha wawili."

Baba yake mkubwa Idi akanyanyua mkono. "Samahani, mama. Si uende moja kwa moja kwenye hizi nyumba mbili?"

"Nikianzia katikati nitapotea, na wewe utapotea pamoja nami. Kunywa chai yako."

Akasonga. Zuhura wa mlango wa buluu, Kasimu mwenye kovu, kisimani, kwa fundi cherehani, tumempita, tua, twika. Chai zikapoa. Mimi nimeshika pazia kwa meno, kweli, nimeling'ata. Kisha akafika.

"Twika. Mama wa mwari huyu, wa dirisha la uani. Alimnyonyesha mwanawe wa kwanza. Na wakati wa mvua, jirani yake alipolazwa hospitali kwa homa, alimnyonyesha Seifu, mtoto wa kwanza wa jirani, mpaka mvua zikakatika. Waliokuwepo na kuona: Zuhura na mama yake Kasimu, wote wazima, waulizeni. Akamnyonyesha mwari huyu. Tua. Twika. Mama yake Idi. Alimnyonyesha Seifu, tumempita. Alimnyonyesha Mwanahawa wa kisimani, tumempita. Alimnyonyesha Idi. Tua." Akamgeukia shehe. "Nimesema tua. Hakuna aliyebaki ndani."

Shehe akaeleza taratibu, na kila neno lake mimi ninalo mpaka leo. Maziwa ya mama yangu aliyanyonya Seifu, kaka mkubwa wa Idi. Seifu ni ndugu wa mwari. Idi hakunyonya kwa mama wa mwari, na mwari hakunyonya kwa mama wa Idi. Undugu humfuata aliyenyonya, hauwachukui wadogo zake aliowaacha nyumbani. Hata hivyo akawatuma watu wakawaulize wale wanawake wawili, kila mmoja peke yake. Wakarudi na maneno yale yale, hata homa, hata mvua.

Seifu mwenyewe alikuwa amekaa kati ya wazee wao, jitu zima la ndevu, amekuja kumwombea mdogo wake mke. Akaruka juu. "Kumbe nina dada!" Akavuka chumba, akakaa upande wa baba yangu, akakunja mikono. "Sasa mimi ni wa upande huu. Mtaniomba na mimi. Huyo Idi simwamini, namjua tangu utotoni." Kicheko kilichopigwa siku ile, mpaka shehe alivua kofia akajifuta machozi. Na siku ya arusi Seifu alikula pande zote mbili, kwa wenye mke na kwa wenye mume, na hakuna aliyeweza kumpinga kisheria.

Jambo moja tu liliniudhi siku ile. Nilimtandikia Mkunga mkeka wa mbele, pale wanapokaa mashangazi, nikaweka na mto. Nilitaka kila mtu aone. Akakataa! Yeye, wa kiti cha mbele, wa sahani ya kwanza! Akasema moshi umempenda leo, akaenda uani, akakaa kwenye kigoda karibu na masufuria, akala mwisho pamoja na wapishi. Nilimfuata na mavazi yangu yote ya bi harusi nikamwuliza kama nimemkosea. Akanipangusa wanja uliochuruzika. "Nenda ukae. Huo mkeka una wenyewe." Niliondoka nimenuna, sikuelewa.

Tukahamia Dar es Salaam. Mimi nilikuwa nimesoma hesabu, nikaingia kazi ya kompyuta, ile mitambo ya mwanzo iliyojaza chumba, baadaye ile midogo ya mezani. Miaka ikapita, nikajikuta na wenzangu wachache tunaandika maktaba. Si ya vitabu. Ni vipande vya programu vilivyokwisha kupimwa, ambavyo mwandishi mwingine wa programu anavichukua na kuvitumia badala ya kuanza upya. Fungu langu lilikuwa kuhifadhi kitu tunachokiita grafu: vitu vingi vilivyounganishwa kwa mishale, kila kimoja na vingine, kama mji na njia zake. Ndani ya kompyuta grafu inakaa vizuri, imetawanyika kila upande. Lakini ukitaka kuiweka kwenye faili, au kumpelekea mwenzako, huwezi kuimwaga hivyo. Faili ni herufi moja baada ya nyingine. Lazima uitandaze grafu yote iwe mfuatano mmoja wa herufi, na upande wa pili mwenzako asome aijenge upya ile ile, bila kupoteza mshale hata mmoja wala kuugeuza.

Wenzangu walikuwa wamekwama. Programu yao ikikuta vitu viwili vinavyoelekezana ilizunguka baina yake, inaandika, inaandika, mpaka mashine inajaa na kusimama. Nikaangua kicheko peke yangu.

"Unacheka nini?"

"Hamjaiambia 'tumempita'."

Nikawapa msafara. Alama ya kufungua kwa twika, alama ya kufunga kwa tua, mwenye kutoa mshale kwanza, mwenye kuupokea baadaye, kila kitu na alama yake ya kukitambulisha, na kilichokwisha kutajwa hakisimuliwi tena. Ikafanya kazi. Wakanisifu, nikawaambia mwenye sifa yuko Tabora anatafuta miwani.

Kwa kuipima nilihitaji grafu ninayoijua vizuri, nikaandika msafara wenyewe kama nilivyoukumbuka. Idi akanisaidia, Seifu akakumbusha kwa simu. Kuandika kwenye faili, sawa. Nikaiamuru kompyuta isome faili iujenge mji upya. Ikakataa. Ikakataa kwenye mstari wa kwanza kabisa: bibi wa Kwihara ana mishale miwili, mmoja unafika kwa baba yangu, wa pili hauna pa kufikia. Nikafikiri ni kosa la programu. Nikakagua, nikakagua. Halafu nikaacha kukagua, nikabaki naitazama ile sentensi. Aliwanyonyesha wawili. Kichanga kilichofariki Mkunga angekitaja, alitaja wote, wazima na marehemu. Kwa nini huyu mmoja hakumtaja?

Nikachukua likizo. Mimi na Idi tukapanda treni.

Tulimkuta barazani kwake Gongoni. Alikuwa amepungua, yule mnene wetu, macho yamefifia. Baiskeli imeegemea ukutani na kuku wamelala juu ya tandiko. Mezani alikuwa na chai na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha.

"Shikamoo, Mkunga."

"Marahaba. Nani? Subiri, usiseme." Akakipapasa kichwa cha Idi. "Huyu ni Idi, kichwa kirefu, kilinisumbua. Bado mko pamoja?"

"Tupo."

"Watoto?"

"Watatu."

"Na uliwanyonyesha mwenyewe? Hakuna mwingine?" Msafara ulikuwa bado unatembea.

Nikamfungulia ile karatasi ndefu ya kompyuta, yenye matundu pembeni, nikamweleza kwamba mji wake wote umo humo, kwa twika na tua. Akaishika, akainusa, akasema haina harufu ya mtu. Kisha akaamuru nisome. Nikasoma mstari wa kwanza, nikasimama hapo hapo.

"Mkunga. Bibi yangu aliwanyonyesha wawili. Wa pili ni nani?"

Akanywa chai, akaungua, akailaumu chai. Kisha akaanza kucheka, taratibu, mabega yakitikisika.

"Miaka yote hiyo! Msomi wa hesabu! Unasikia wawili, unahesabu mmoja, unakwenda zako!"

"Ni nani?"

"Nilizaliwa Kwihara, mama yangu hakuniona, alifariki akinizaa. Bibi yako alikuwa na baba yako kifuani, akanichukua nikakaa upande wa pili. Mpaka nikaota meno. Halafu bibi yangu akaja akanichukua. Yeye ndiye aliyeniambia, yeye ndiye aliyenipa msafara. Baba yako alikuwa kichanga, atajuaje?" Akageuza uso kwangu, macho yale yasiyoona vizuri. "Shehe aliponiuliza kama nina upande, ningejibu nini? Mimi ni dada wa baba yake? Wangesema shangazi anampigania mtoto wa kaka. Shaka isingeondoka, na wewe ungebaki nyuma ya pazia mpaka leo."

Nikakumbuka ule mkeka. Mkeka wa mashangazi, na mto wake, na yeye yuko uani na moshi. Ulikuwa na mwenyewe. Mwenyewe alikuwa yeye.

"Na baada ya arusi? Kwa nini hukusema?"

"Mkahama. Na mimi nimdai nani ushangazi, nisimame sokoni nipige kengele?" Akacheka tena, lakini kicheko hiki kilikuwa kidogo. "Nilikuwa nangoja uulize."

Idi alikuwa amekaa kwenye kiti pekee chenye mgongo. Akainuka bila kuambiwa. Tukamkalisha hapo, mto mgongoni, nikapiga magoti mbele yake kama ambavyo ningepaswa kupiga siku ya arusi yangu.

"Shikamoo, shangazi."

Akapapasa kifuani akaishika miwani, akaiacha.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mwanangu. Haya, anza upya. Usome vizuri, usiukate."

Nikachukua karatasi, na kalamu, nikaandika penye pengo, halafu nikasoma kwa sauti, barabara yote ya Gongoni isikie. Twika. Bibi wa Kwihara, aliwanyonyesha wawili: baba yangu, na shangazi yangu.

Akafumba macho. "Endelea, basi," akasema. "Msafara hausimami kwa ajili ya shangazi mmoja." Lakini mkono wangu hakuuachia mpaka tulipotua.